Kwenda Tu

Saa si yangu. Ni ya Mjomba Mwinshehe,
aliivua mkononi mwake akanivisha,
akasema mkono mtupu hauaminiki ofisini.
Nikaenda nayo Posta kwenye usaili.
Kazi sikupata. Na usiku, luku imeisha,
nikipapasa komeo la geti letu Tandika,
nikasikia krrr,
sauti ndogo, kama panya anayejuta.

Asubuhi nikaitazama juani.
Pingili tatu, mstari mmoja mweupe
umekatiza nyuzi za chuma
kama mtu anayevuka barabara pasipo kivuko.

Fundi Kindamba, wa madirisha ya aluminiamu,
hata hakuishika. Aliinamisha kichwa tu.
"Hii si ya kung'arisha," akasema.
"Ukiipaka dawa ya kung'arishia, umeiua.
Imechanwa kiwandani, makusudi, mistari elfu,
yote inatazama upande mmoja.
Kosa la mkwaruzo wako ni kukata njia.
Hutaufuta. Utaupa majirani
mpaka nyumba yake isijulikane."

Basi: dodoki la kijani la kusugulia vyombo,
jipya, nusu, nimelikata kwa kisu cha vitunguu.
Utepe wa karatasi, wa buku,
wa kufunika kingo zinazong'aa zisiguswe.
Kibao cha chapati cha mama, nimekigeuza,
mkanda umelala juu yake chali
kama mgonjwa anayejua gharama.

Kwenda.
Nyanyua mkono.
Kwenda.
Usirudi, alinikanya Kindamba, usizungushe,
hiyo si sufuria,
kurudi ndiko kunakochafua.
Kwenda. Nyanyua.
Jasho likadondoka kwenye kioo, nikalifuta kwa fulana.
Adhana ya alasiri ikanikuta bado pingili ya pili.
Kwenda.
Kidogo kidogo ule weupe ukapauka,
ukajipanga foleni na wenzake.

Hapo ningeacha.
Lakini mkono ukishaonja utamu hauna breki.
Nikaona mwingine, karibu na kifungo,
mfupi, wa zamani, umezama,
nikasema na huu nao, uwe shukrani.
Huo ulinitoa pumzi. Nikaanza na msasa wa maji,
kisha dodoki, kwenda, kwenda, kwenda,
mpaka chuma kikatulia chote
kama shuka lililotandikwa na muuguzi.
Mswaki mkuukuu, sabuni, maji, kitambaa.

Jumapili nikampelekea kwake Mtoni.
Akaivaa. Akageuza mkono. Kidole gumba
kikaenda moja kwa moja kwenye kifungo,
kikapapasa, kikatulia, kikapapasa tena,
kama mtu aliyeamka usiku kutafuta swichi
kwenye ukuta wa nyumba aliyokwisha kuihama.

"Palikuwa na alama hapa," akasema.
"Siku ile tunapandisha cherehani ghorofani, Kariakoo.
Mwantumu kashika chini, mimi juu,
anacheka, namwambia usicheke, anacheka,
gurudumu likanibana na ukuta."
Akanywa chai yake. Ilikuwa imeshapoa.
"Imependeza," akasema.

Sikujibu kitu. Ningesema nini,
kwamba nimempa majirani?

Nikarudi nyumbani kulitafuta lile dodoki.
Lilikuwa na vumbi la kijivu katikati, nililiona mwenyewe,
laini kama wanja:
chembe za pingili moja, na ngazi, na kicheko.
Mama alikuwa ameshalichukua.
Ameinama karoni, anasugua ukoko wa ugali,
anazungusha,
kwenda na kurudi.